Karatasi, kishikwambi, simu au mkutano wa mtaa: uulize kaya kwa njia ipi kuhusu maji, choo na taka?

Barua ya utambulisho imeshafika kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa amekubali, mjumbe wa kuwatembeza amepatikana, na dodoso lina kurasa sita. Hapo ndipo wengi hukwama. Twende na karatasi? Tuazime vishikwambi? Tupige simu tu? Au tuwaite watu chini ya mwembe tuyamalize siku moja? Nimeulizwa hivyo na wanafunzi wanaoandaa tasnifu, na vikundi vya usafi vya mtaani, hata na kamati ya msikiti iliyokuwa inataka kuchimba kisima. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake na haraka yake, na njia iliyomfaa mmoja ingemtia mwenzake hasara.

Nimekuwa mdadisi, kisha msimamizi wa wadadisi, sehemu kubwa katika mitaa ya Dar es Salaam. Mifano yangu ni ya huko.

## Vipimo kwanza

Madodoso ya aina hii hufunga mada nne kwenye jalada moja, na kila mada ina tabia yake. Maji ni jambo la kuhesabu: madumu mangapi, bei gani, dakika ngapi za kwenda, kupanga foleni na kurudi. Choo ni jambo la kuona kwa macho. Taka ni jambo la mtaa, kwa sababu taka ya kaya moja huishia kwenye mtaro wa kaya kumi. Uelewa wa mazingira ndio mtihani, maana mtu ukimuuliza kama anajua madhara ya kuchoma taka atakujibu anajua, huku moshi wa asubuhi bado umetanda uani.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa mambo manne: gharama (pesa na siku), ukweli wa majibu, nani anaachwa nje, na imani ya wanaohojiwa. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kabla ya hapo, kuna nyumba moja ambayo kila njia lazima ipite mlangoni kwake. Chukua nyumba ya vyumba sita Manzese, ile yenye korido katikati na milango mitatu kila upande. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele na mkewe, vilivyobaki wamepanga watu. Masufuria yanayopikwa ni matano, kwa hiyo kaya ni tano, maana kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mita ya maji ni moja. Choo ni kimoja, kiko uani, kina kufuli, na kila mpangaji ana ufunguo wake. Kwa vigezo vya WHO na UNICEF, choo hicho hata kikiwa na sakafu nzuri na maji ya kumwaga kinashushwa daraja, kwa sababu kinatumiwa na kaya zaidi ya moja. Mwenye nyumba ukimuuliza peke yake atakwambia ana choo na ana bomba. Hajadanganya. Ila umepata jibu la nyumba na umekosa majibu ya kaya nne.

## Dodoso la karatasi, nyumba kwa nyumba

Gharama. Mwanzo wake ni rahisi, mwisho wake ni ghali. Kaya 300 kwa kurasa sita ni kurasa 1,800 za kutoa kopi, na hilo halimtishi mtu. Pesa huishia kwenye kuingiza data. Ukitaka kazi safi, kila dodoso huingizwa mara mbili na watu wawili tofauti, kisha mafaili yanalinganishwa na kila tofauti inafuatiliwa kwenye karatasi. Mwanafunzi anayeingiza mwenyewe usiku hailipi gharama hiyo kwa pesa, anailipa kwa wiki.

Ukweli wa majibu. Mdadisi yupo pale, anaweza kuomba aoneshwe choo. Kosa kubwa la karatasi ni maswali ya kuruka: kaya haina choo, lakini ukurasa wa pili umejazwa kwamba shimo lilinyonywa mwaka jana. Hakuna kinachomzuia mdadisi aliyechoka. Halafu kuna mwandiko.

Pamoja na hayo, karatasi ina kitu ambacho bado sijakiona kwenye kishikwambi, nacho ni pembezoni mwa ukurasa. Mdadisi mmoja aliweka tiki kwenye "bomba" kama alivyoambiwa, kisha akaandika pembeni kwa penseli: "ndoo zote zina ukoko mweupe." Ukoko ule ni chumvi. Ile kaya ilikuwa inatumia kisima cha maji ya chumvi kwa karibu kila kitu, na bomba lilikuwa la jirani, la siku likitoka. Mstari ule wa penseli ulitufanya tuligawe swali la maji mara tatu: ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia na kuogea.

Anayeachwa. Asiyekuwepo mchana. Bodaboda, kibarua wa kiwandani, mama lishe. Ukipita saa nne asubuhi tu, takwimu zako ni za wazee na wanaonyonyesha.

Imani. Karatasi haitishi. Watu wameizoea, na wengine huomba waisome wenyewe.

Inakufaa ukiwa na kaya zisizozidi mia hivi, au ukiwa bado hujayajua maswali yako vizuri. Hata nikiwa na vishikwambi kumi, majaribio ya kwanza nayafanya kwa karatasi.

## Dodoso la kishikwambi au simu janja

Gharama. Kinyume cha karatasi: inauma mwanzoni, inapumzisha mwishoni. Programu kama KoboToolbox na ODK hufanya kazi bila mtandao na kutuma ukipatikana, na simu janja ya kawaida ya Android inatosha. Siku ya kuandaa fomu usiifanye siku moja. Fomu yenye kasoro ikishasambazwa kwenye simu nane, utaikimbiza mtaa mzima. Weka pia bajeti ya pawabenki, na ya mtu wa kurudi na mdadisi jioni, kwa sababu vibaka nao wanajua bei ya simu.

Si kitu kigeni tena. Sensa ya Kenya ya 2019 ilifanywa kwa vishikwambi, na ya Tanzania ya Agosti 2022 vilevile. Mhojiwa wa leo ameshawahi kuhesabiwa kwa kioo.

Ukweli wa majibu. Fomu inajirukisha yenyewe: kaya isiyo na choo haiulizwi habari za shimo. Picha ya choo inapigwa, mahali panarekodiwa. Kubwa kuliko yote ni saa. Dodoso la dakika arobaini likijazwa kwa dakika sita, na matatu yakatokea sehemu ile ile penye kivuli, hapo data zimepikwa na unajua jioni hiyo hiyo. Kwa karatasi ungejua baada ya mwezi, au usingejua kabisa.

Ubaya wake ni wa kimya. Jibu lisilokuwemo kwenye orodha hugeuka kuwa jibu la jirani yake. Mwaka mmoja fomu yetu haikuwa na "guta" (mkokoteni wa matairi matatu unaobeba madumu ya kuuza) kwenye vyanzo vya maji, na wadadisi wakaigawanya kila mtu kwa akili yake: huyu ameandika boza, yule kisima, mwingine "nyingine". Kosa lile lina uzito. Tangu 2017 WHO na UNICEF huyahesabu maji yanayoletwa na boza au mkokoteni kuwa ya chanzo kilichoboreshwa, kitu ambacho zamani hakikuwa hivyo. Kaya ikiangukia "kisima kisicholindwa" badala ya "muuza maji", asilimia yako ya mwisho inasogea.

Anayeachwa. Wale wale wa karatasi. Teknolojia haimrudishi bodaboda nyumbani saa nne.

Imani. Hapa ndipo pagumu. Nilipita mtaa mmoja wa bondeni, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kinapiga picha?"

"Kinapiga, mama, lakini mpaka uniruhusu."

"Mkishapiga ndiyo mnakuja kuweka X?"

Mtu aliyeshuhudia bomoabomoa ya bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, na alama nyekundu za X ukutani, haoni kifaa cha utafiti, anaona tingatinga. Nilikirudisha mkobani tukazungumza kwanza. Picha ya choo na alama ya mahali ni taarifa za mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Kama huhitaji kujua nyumba yenyewe, rekodi mtaa na uache hapo.

Inakufaa ukiwa na kaya mia mbili kwenda juu, wadadisi zaidi ya watatu, au mfadhili anayetaka takwimu kabla ya mwisho wa mwezi.

## Kupiga simu

Gharama. Ndogo kuliko zote. Hakuna nauli, hakuna chakula cha mchana, mvua si tatizo. Lakini mazungumzo yasizidi dakika kumi na tano. Zikizidi, mtu anaanza kujibu ili umwache.

Ukweli wa majibu. Choo kwa simu ni hadithi. Hupimi, huoni, na "kizuri tu" ni jibu lisilo na ukubwa. Maji ni tofauti. Wakati mto Ruvu, unaolisha jiji maji, ulipopungua mwishoni mwa 2022 na Dar ikaingia kwenye mgao, aliyewahoji watu mara moja alipata picha ya siku moja. Aliyewapigia wale wale kila wiki aliweza kuona bei ya dumu ikipanda na kushuka. Kwa jambo linalobadilikabadilika simu haina mpinzani.

Na kuna jingine lililonishangaza. Nyumba kwa nyumba, mjumbe akiwa pembeni, ukiuliza kama choo hutapishwa wakati wa masika (kufungulia shimo maji yapite na mafuriko), hakuna anayetapisha. Kwa simu, mwanamke mmoja alinijibu bila kusita: "Sisi hapana, ila nyumba ya nyuma wanatapisha, na yanapita mlangoni kwetu." Mjumbe alikuwa mkazi wa nyumba ya nyuma.

Anayeachwa. Uliza kwanza orodha ya namba imetoka wapi. Ikitoka kwenye daftari la ada ya taka, umepata wanaolipa ada, na wasiolipa ndio uliowatafuta. Simu ya kaya mara nyingi inashikwa na baba, wakati anayejua foleni ya maji ni mama au binti. Shirika la Twaweza walipoanza Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, mwaka 2013 walilikwepa tatizo hili kwa kuzitembelea kwanza kaya zilizochaguliwa, kuziachia simu na chaja ya sola, kisha kuzipigia. Ni njia nzuri, lakini ule urahisi wa bei unapungua.

Imani. Namba ngeni inayouliza mambo ya nyumbani? Nchi hii imeshatumiwa sana ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mwenyekiti awatangazie watu kabla hujapiga, vinginevyo nusu watakata.

Inamfaa mwenye orodha ya kaya alizokwisha kuzitembelea na anayetaka kufuatilia.

## Mkutano wa mtaa na matembezi

Njia hii wasomi huidharau na wanaharakati huikuza kupita kiasi. Unawaita wakazi, mnachora ramani ya mtaa chini kwa majivu au chaki, kila mtu anaweka jiwe pale maji yanapochotwa, jani pale taka zinapotupwa. Kisha mnaondoka hapo mnatembea pamoja, mtaro kwa mtaro. Mtaalamu wa maendeleo kutoka India, Kamal Kar, alianza kuitumia kwa suala la choo kijijini Bangladesh mwaka 1999 hadi 2000, kijiji kikapima chenyewe kinyesi chake, na mbinu ikasambaa hadi kwetu. Dar es Salaam nayo imeona jamaa yake: kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani chini ya mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro na maeneo ya mafuriko ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote.

Gharama. Chai, maandazi, maji ya kunywa, na mjadala wa posho ambao hauepukiki. Siku moja au mbili.

Ukweli wa majibu. Kwa taka hakuna njia nyingine inayoifikia. Dodoso litakwambia asilimia ya kaya zinazosema "gari linakuja". Matembezi yatakuonesha gari linaishia barabara ya lami kwa sababu kichochoro hakipitiki, na kuanzia pale taka zinabebwa na kijana wa mkokoteni anayelipwa kwa kiroba, na mkokoteni unaishia mtoni. Hilo halikuwa jibu la swali lolote kwenye zile kurasa sita. Lakini mkutano haukupi asilimia. Watu arobaini waliokuja kwa hiari yao si sampuli, na usiandike kwenye ripoti "asilimia 80 ya wakazi" eti kwa sababu mikono thelathini na miwili ilinyooshwa.

Anayeachwa. Wapangaji. Mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba, wapangaji huja wakiwa na kesi. Wanawake vijana watakaa nyuma na kunyamaza mbele ya wazee, hivyo wagawe makundi, na la wanawake liendeshwe na mwanamke.

Imani. Kubwa mno, kwa sababu kila kitu kiko chini pale, kila mtu anakiona. Kwa sababu hiyo hiyo mambo ya siri hayasemwi.

Inawafaa wanaotaka kufanya kitu mwezi ujao, kuliko kuandika kitu mwaka ujao.

## Wangapi, na uulizaje

Idadi ya kaya haitegemei njia. Kwa eneo kubwa, ukikubali kupotoka kwa asilimia 10 juu au chini, kaya 96 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinatosha. Ukitaka asilimia 5, ni 384. Mtaa mdogo wa kaya 1,200 unashuka hadi karibu 290 kwa kiwango hicho cha asilimia 5. Hesabu hizo ni za kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kaya 384 zilizo kando ya barabara kwa sababu ndipo kivuli kilipo hazikusaidii. Kwenye nyumba ya Manzese, orodhesha kaya zote tano halafu uchague.

Swali bovu nalo halitibiwi na kifaa. "Je, unatunza mazingira?" lifute. Uliza jana taka mlizitoaje, zilipelekwa wapi na nani. Mwenye mtoto mdogo muulize mara ya mwisho mtoto alipojisaidia kinyesi kilitupwa wapi. Badala ya "mnanawa mikono?", omba kama madodoso makubwa ya kitaifa yanavyoomba: "Tafadhali nioneshe mahali mnaponawia mikono." Kisha tazama kama pana maji, na kama pana sabuni. Kwa uelewa, muulize mtu vile vifuko laini vya plastiki vilivyopigwa marufuku Juni 2019 nafasi yake imechukuliwa na nini humo ndani. Atakwenda kuchukua mfuko akuoneshe, na mfuko wenyewe utasema mengi.

## Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi, peke yako, una miezi mitatu na kaya mia: karatasi kwa kaya kumi za majaribio, kisha simu yako mwenyewe yenye ODK au Kobo kwa zilizobaki. Pita jioni na Jumamosi. Kibali kianze kabla ya dodoso, maana COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya), tume zinazotoa vibali vya utafiti, hawajui tarehe yako ya kukusanya tasnifu.

Ukiwa kikundi cha usafi na shida yenu ni taka, anzeni na mkutano na matembezi. Msipoteze pesa kwa kaya 384 kabla ya kujua gari linaishia wapi.

Halmashauri au shirika linalotaka takwimu za kulinganisha na za kitaifa halina budi kwenda na vishikwambi, na maswali ya maji na choo liyachukue kama yalivyo kwenye orodha ya WHO na UNICEF. Swali mkilitunga wenyewe litakuwa zuri, ila halitalingana na la mtu mwingine.

Kama ni kamati ya kisima, mnahitaji kitu kidogo: karatasi moja, kaya thelathini zilizo karibu, madumu kwa siku, bei, dakika. Nendeni Agosti, maji yakiwa haba. Mkienda masika kila mtu anakinga ya paa.

Na kama unafuatilia mgao, au unataka kujua kampeni ya choo imeshika: watembelee mara ya kwanza, omba ruhusa ya namba, kisha piga. Choo kirudie kukiangalia kwa macho mwishoni.

Kwa anayepanga kurudi baada ya miaka, njia ina uzito mdogo kuliko utunzaji. Watafiti waliopita kwenye maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 wakipima maji ya nyumbani, waliweza kurudiwa miaka thelathini baadaye kwa sababu maswali na orodha ya maeneo vilihifadhiwa. Hifadhi fomu tupu, tarehe, na maana ya kila neno, "guta" likiwemo. Nakala moja ya matokeo, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ibaki kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Yule mama wa bondeni ataulizia.